Kidude cha shangazi: mashine ya kuondoa unyevu na nyumba zetu za Pwani

Mimi ndiye niliyemshauri shangazi anunue. Nalisema mapema ili usidhani nakosoa kwa mbali. Shangazi anaishi Kisarawe, upande wa vilima vya Pugu, na masika ikiingia chumba anacholala na mjukuu wake kinanuka uvundo, na nguo za kabatini zinaota ukungu. Mtoto ana pumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unahusisha unyevu na ukungu wa ndani ya nyumba na matatizo ya kupumua, pumu ikiwemo, kwa hiyo hofu yake si ya bure. Basi nikamwambia zipo mashine ndogo za kuondoa unyevu hewani, anunue moja. Akanunua. Wiki mbili baadaye akanipigia simu: "Mwanangu, wewe si ndiye msomi? Hiki kidude mbona kinakojoa tone tone na chumba kile kile?"

Nikaenda na kipima unyevu. Kikasoma asilimia 85, mashine ikiwa imewaka tangu jana yake.

Kwanza tukitendee haki kidude. Hakijaharibika. Ndani kina kibamba ambacho umeme ukipita upande mmoja unapoa na mwingine unapata moto, jambo alilolieleza Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834. Feni inavuta hewa, hewa inagusa upande wa baridi, maji yanatoka kama yanavyotoka nje ya chupa ya soda baridi. Kikaratasi chake kinasema kinatoa robo lita kwa siku na kinafaa chumba cha kulala. Sentensi ya kwanza naiamini. Ya pili ndiyo inayonikera.

Hebu tupige hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4, urefu wa mita 2.7, kina hewa mita za ujazo 32 hivi. Kwenye nyuzi joto 28 na unyevu wa asilimia 85, kila mita ya ujazo ina gramu 23 za mvuke. Ushauri wa kawaida ni kubaki chini ya asilimia 60. Hapo gramu zinakuwa 16. Tofauti ni gramu 7, mara 32, yaani robo lita kasoro kidogo. Mpaka hapo unaweza kusema kumbe kidude kinatosha, siku moja tu kazi imekwisha.

Lakini mtu aliyelala hutoa gramu 30 hadi 40 za maji kwa saa kwa pumzi na ngozi. Shangazi na mjukuu, saa nane za usiku, wanaingiza karibu nusu lita. Tayari wamekishinda. Halafu angalia juu ya dirisha: matofali ya matundu. Dirisha lenyewe ni nondo na wavu wa mbu. Hewa ya chumba kile ikibadilika mara moja tu kwa saa (na mimi nadhani inabadilika zaidi), robo lita nyingine inaingia kila saa. Kwa siku ni lita tano na zaidi. Kidude kinachota kwa kijiko kwenye mtumbwi uliotoboka.

"Basi nizibe matundu?" shangazi aliniuliza. Swali zuri kuliko kikaratasi chote. Nyumba za kwetu zinajengwa zipumue kwa sababu ya joto, na mashine hii inataka nyumba isiyopumua. Huwezi kuwa na vyote viwili bila kulipia.

Najua kwa sababu mimi mwenyewe nimelipia, Kibaha. Nimepanga chumba Maili Moja, na rafiki aliniazima mashine kubwa, ile ya kompresa kama friji. Hii si mchezo. Nilifunga dirisha, nikaziba matundu kwa magazeti, asubuhi ndoo ya lita mbili imejaa na kipimo kinasoma 58. Nilifurahi mpaka nilipotoka nje nikagundua nje kuna ubaridi kuliko ndani. Mvuke ukigeuka maji unaachia joto, karibu uniti 0.68 za umeme kwa kila lita, na umeme wote unaoingia kwenye mashine nao unaishia kuwa joto chumbani. Mashine ya wati 300 ikiwaka siku nzima inakula uniti 7.2. Kwa mwezi ni 216. Kama uko kwenye kundi la D1 la TANESCO, lile la wanaotumia wastani wa uniti 75 kwa mwezi, utaliaga, na LUKU itakueleza yaliyobaki.

Ila kilichonifundisha zaidi ni ukuta. Chini ya ukuta wangu kuna ule unga mweupe tunaouita fangasi. Baada ya wiki ya kukausha hewa, unga uliongezeka. Sababu ni kwamba mara nyingi ule si fangasi hata kidogo, ni chumvi. Kama fundi hakuweka nailoni chini ya jamvi wala kizuizi juu ya msingi, maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali, yanafika kwenye lipu, yanakauka na kuacha chumvi aliyokuja nayo. Hewa ikiwa kavu zaidi, maji yanakauka haraka zaidi, na chumvi inabaki nyingi zaidi. Nilikuwa nalipa umeme ili ukuta unyonye ardhi vizuri.

Na usiniambie "fungua tu madirisha", kama zinavyosema makala za Ulaya. Kule wakati wa baridi hewa ya nje ya nyuzi 5 haiwezi kubeba hata gramu 7 za mvuke, kwa hiyo ikiingia ndani inakausha. Yetu ya asubuhi, nyuzi 24 na asilimia 90, ina gramu kama 20. Ya saa nane mchana, nyuzi 31 na asilimia 60, ina 19. Maji ni yale yale! Kufungua kunatoa mvuke wa pumzi, jiko na nguo mbichi, na upepo unazuia ukungu kutulia nyuma ya kabati, lakini hakugeuzi Kisarawe kuwa Dodoma.

Kwa hiyo kwa shangazi tulivuta kitanda na kabati mbali na ukuta, nguo za kufua zikahamia barazani, na feni inawaka hata wakihisi ubaridi kidogo. Dawa za mtoto zinaendelea kama daktari alivyoandika. Kidude tumekifungia ndani ya kabati dogo la vyeti na hati ya kiwanja, milango imezibwa kwa mpira. Humo kinasoma 55. Kilikuwa kinasubiri chumba cha saizi yake.

Kibaha bado. Mwenye nyumba anataka kupaka rangi ya mafuta afunike "fangasi". Nimemwomba asubiri siku mbili, nimebandika kipande cha nailoni ukutani na kukizungushia gundi pande zote. Maji yakionekana upande wa chumbani, ni ya hewa. Yakionekana nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani, na rangi ya mafuta itabanduka kabla ya vuli.