Sentimita 11 za Loftus Versfeld

Mvuvi wa Saadani akitafuta mahali pake pa kutega, hatazami maji. Anatazama nchi kavu. Mnazi fulani ukikaa sawia na paa lililo nyuma yake, anajua yuko juu ya mstari. Chombo kikisogea pembeni kidogo, mnazi na paa vinaachana. Mstari hausomeki kwa jicho lililo kando yake. Ni lazima jicho liwe juu ya mstari wenyewe.

Naanza na mvuvi kwa sababu yeye ana ufunguo wa ubishi ambao mabanda umiza ya pwani hii, kuanzia Bagamoyo kwenda juu, bado hayajaumaliza. Tarehe 5 Aprili 2024, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mkondo wa pili, Yanga ugenini kwa Mamelodi Sundowns, Loftus Versfeld mjini Pretoria. Mkondo wa kwanza kwa Mkapa ulikuwa suluhu. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki wa Yanga akaachia shuti, mpira ukampita kipa Ronwen Williams, ukagonga mtambaa wa panya kwa chini, ukadunda na kurudi uwanjani. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania hakutoa goli. Chumba cha VAR kikaangalia, na yeye hakuitwa pembeni kwenye skrini. Mechi ikaisha suluhu tena, na Mamelodi Sundowns wakapita kwa penalti 3-2.

Mimi ni wa Jangwani, shabiki wa Yanga, na goli lile linaniuma hadi leo. Lakini tulipime.

Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Mzingo wa mpira ni sentimita 68 hadi 70, kwa hiyo upana wake ni kama sentimita 22, na nusu yake ni 11. Mpira unapodunda, sehemu inayogusa nyasi iko chini ya kitovu chake, na tumbo lake linabaki limetokeza sentimita 11 kila upande. Ina maana mpira unaweza kudunda nyuma ya chokaa, nyasi za kijani zikaonekana kabisa katikati, na bado lisiwe goli. Picha iliyosambaa kwenye simu zetu, yenye alama nyekundu ya kuonyesha pale ulipodunda, haikuwa inajibu swali hili. Swali ni kama ulidunda sentimita 11 au zaidi nyuma ya ukingo wa ndani wa mstari.

Halafu kuna pembe ya kamera. Kamera iliyo juu, upande wa uwanjani, ikiutazama mpira ulio hewani, huuona kama uko juu ya nyasi za mbali zaidi; jicho linausukuma mpira wavuni. Kamera iliyo juu nyuma ya goli hufanya kinyume, inaurudisha uwanjani. Ndiyo maana watu wawili wakweli, kila mmoja na picha yake, wanaweza kuapa na wasikubaliane. Picha inayofaa kuaminiwa ni ya kamera iliyokaa sawia na mstari, kama mnazi na paa.

VAR haikuletwa kupima sentimita hizo. Hutumia kamera za matangazo zilizopo, na uamuzi wa uwanjani hubaki pale picha zisipoonyesha kosa la wazi. Kumwita mwamuzi pembeni kungemwonyesha picha zilezile. Teknolojia ya mstari wa goli ni kitu kingine: mfumo wa Hawk-Eye, kwa mfano, huweka kamera 7 kwa kila goli, hukokotoa mahali mpira ulipo, na saa ya mwamuzi hutetema ndani ya sekunde moja. Iliruhusiwa Julai 2012, miaka 2 baada ya shuti la Frank Lampard wa England dhidi ya Ujerumani kugonga mtambaa wa panya, kuvuka mstari na kutopewa goli kule Bloemfontein, Afrika Kusini hiyohiyo. Loftus siku ile haikuwepo.

Naamini Aziz Ki alifunga. Ningekuwa kwenye chumba kile, kwa picha nilizoziona, nisingeweza kulithibitisha.

Wenzetu wa Msimbazi, watu wa Simba, walitucheka mwaka mzima, wakisema mpira wote haukuvuka. Zamu yao ikafika Mei 25, 2025. Fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane, mkondo wa pili, ilihamishwa na CAF kutoka Mkapa kwenda Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya hali ya nyasi za Mkapa. Viti 60,000 vikawa 15,000 hivi. Unguja iko ng'ambo ya maji yetu tu, lakini tiketi zilikuwa chache na wengi wa huku wakabaki bandani. Joshua Mutale akafunga, kisha bao la Steven Mukwala likafutwa na VAR kwa kuotea. Mechi ikaisha 1-1, na kombe likaenda Morocco kwa jumla ya 3-1.

Hapa ubishi ni wa kipimo kingine. Kwa kuotea, kila kitu kinategemea picha ya wakati ule mpira ulipoguswa. Kamera ikipiga picha 50 kwa sekunde, mchezaji anayekimbia mita 7 kwa sekunde husogea sentimita 14 kati ya picha moja na inayofuata. Kabla ya kuuliza mstari ulichorwa wapi, uliza ilisimamishwa picha ipi.

Mashabiki wa pande zote mbili tumetumia nguvu nyingi kupiga kelele baada ya filimbi. Wakati wa kudai ni kabla ya droo: kuanzia robo fainali, CAF iweke kamera sawia na kila mstari wa goli katika kila uwanja, iwe Pretoria, Rabat au Dar es Salaam.