Malkia wa Sisimizi na Kosa la Siku ya Mvua

Malkia wa sisimizi akifa ndani ya mrija, aliyemfuga hutafuta sababu katika siku ile ile: maji yamechafuka, jua limempiga, mtoto ameutikisa mrija. Mara nyingi sababu haiko hapo. Iko nyuma kabisa, jioni ya mvua alipookotwa, nayo imechukua wiki kadhaa kujitokeza. Ndiyo maana uraibu huu huwavunja moyo vijana wengi. Kosa na matokeo yake vimeachana mno, na mtu hulirudia kosa lile lile msimu baada ya msimu akidhani kwamba hana bahati.

Wakazi wa Migori na Homa Bay hawahitaji kufundishwa kuokota malkia. Onyoso, yule sisimizi mkubwa mweusi mwenye tumbo nene, ameliwa kando ya Ziwa Victoria tangu enzi za mababu. Wanasayansi humwita Carebara vidua, na mwaka 2012 watafiti wa Kenya walichapisha uchunguzi wa thamani yake kama chakula katika eneo hili la ziwa. Watoto wanamjua, na akina mama wanamjua: mvua inyeshe vizuri, ardhi ilainike, naye atatoka kama wanavyotoka ngwen, yaani kumbikumbi. Ujuzi huo ni mali. Lakini ndio unaomponza anayetaka kufuga, kwa kuwa mlaji na mfugaji wanamtaka mdudu yule yule kwa saa tofauti.

Mlaji hungoja mlangoni pa shimo. Anamtaka malkia kabla hajaruka, angali na mabawa, tumbo likiwa limejaa mafuta. Mfugaji akimshika hapo hapo, amemshika bikira. Malkia hupandwa katika ule mruko mmoja, na mbegu anazopokea siku hiyo huzihifadhi mwilini na kuzitumia maisha yake yote; hapandwi tena baadaye. Asiyepandwa anaweza kutaga, ila kwa sisimizi mayai yasiyorutubishwa huzaa madume tu, na dume hachimbi, halishi, halei. Kwa hiyo unaweza kuwa na malkia mzima, mrija safi, mayai meupe yanayopendeza, na bado huna kitu. Kosa lilifanyika mlangoni pa shimo, na hakuna utunzaji unaoweza kulirekebisha.

Wa kuokotwa ni yule aliyekwisha kushuka. Mabawa ameyaangusha mwenyewe, anatembea chini kwa haraka akipapasa udongo, anaingia chini ya jani, anatoka, anajaribu kuchimba. Mwendo huo una maana kuliko mabawa yenyewe, kwani wapo wanaoangusha mabawa kwa msukosuko tu bila kupandwa, na wapo waliopandwa wanaokaa nayo kwa muda. Kumng'oa mabawa kwa vidole ili afanane na aliyepandwa ni ukatili usio na faida. Ukimwona anachimba, mwache kwanza. Subiri uone kama amekusudia, ndipo umwelekeze kwenye mrija kwa jani au unyasi. Akibanwa kwa vidole huumia tumboni pasipo kuonekana, na jeraha hilo nalo hungoja wiki kadhaa kabla ya kumuua.

Wanaoanza hukosea hata aina ya mdudu. Jioni moja ya mvua hutoa kumbikumbi na sisimizi wa kila namna kwa pamoja, na wote wana mabawa. Kiuno ndicho cha kuangaliwa: sisimizi amebanwa katikati kana kwamba amefungwa uzi, na vipapasio vyake vimepinda kama kiwiko. Kumbikumbi ana kiuno kipana, na mabawa yake manne yanalingana urefu. Kumbikumbi jike akifungiwa peke yake hataanzisha chochote, kwa maana mchwa huanza wakiwa wawili, mfalme na malkia, na mfalme huishi naye ndani. Halafu kuna madume ya sisimizi, ambayo kwa jamii ya onyoso ni makubwa kiasi cha kumdanganya mtu. Dume lina kichwa kidogo kuliko kifua chake, na hufa baada ya siku chache hata ulitunze vipi.

Taa za usiku zimeongeza makosa haya. Chini ya taa za vituo vya mafuta na maduka, kuanzia Rongo hadi Isebania, malkia hudondoka kwa wingi baada ya mvua, na ni rahisi kujaza chupa kwa dakika chache. Sipendi njia hiyo. Huwezi kujua yupi ameshapandwa na yupi amevutwa na mwanga kabla ya safari yake kukamilika. Wengi wamejigonga na kuchoka, na sakafu za veranda hizo mara nyingine zimepulizwa dawa ya wadudu. Wakirundikwa kwenye chupa moja wanakatana miguu. Afadhali mmoja aliyepatikana pembeni mwa shamba kuliko wengi wa chini ya taa.

Onyoso ana tatizo lake la pekee, ambalo lilitokana na vitabu. Malkia wake ana urefu wa zaidi ya sentimita mbili, ilhali mfanyakazi wake ni kijidudu cha milimita mbili hivi. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba malkia huruka na wafanyakazi wachache wakiwa wameng'ang'ania miguu yake, na kwamba bila wao hawezi kulea watoto wa kwanza. Mwaka 1989 watafiti Robertson na Villet, wakifanya kazi Afrika Kusini, walionyesha kwamba malkia huanza peke yake bila msaada huo. Imani ile ina madhara kwa anayefuga. Anayeishika atachimbua kichuguu kutafuta wafanyakazi wa kumwongezea malkia wake. Atabomoa koloni lililokomaa, kisha atawatia mrijani wageni wenye harufu ya koloni jingine ambao watamchukulia malkia kuwa adui.

Sasa tuje kwenye mrija wenyewe. Mpango wake ni mwepesi na una akili. Sehemu ya chini hujazwa maji, maji huzibwa kwa pamba, hubaki chumba cha sentimita chache, kisha mlango hufungwa kwa pamba kavu inayopitisha hewa. Malkia hupata unyevu, giza na ukuta wa kujiegemeza, kama angekuwa kwenye kijishimo alichochimba mwenyewe. Chakula hahitaji. Misuli mikubwa ya mabawa iliyo kifuani haina kazi tena, hivyo mwili huiyeyusha pamoja na mafuta ya tumboni, na kwa akiba hiyo hutaga, hulisha mabuu ya kwanza na kuyafikisha utu uzima. Anayemtilia asali au punje siku ya pili, kwa kumwonea huruma, anampandia ukungu ndani ya chumba kisicho na njia ya kutokea.

Ajali kubwa ya mrija ni mafuriko, na kiini chake ni hewa. Mtu akijaza maji vibaya, povu la hewa hubaki nyuma ya pamba. Nyumba za mabati za upande wetu hupata joto kali adhuhuri. Hewa ile hupanuka, husukuma maji kupitia pamba, na chumba hulowa. Usiku hupoa, kesho yake hurudia. Mfugaji huona mayai yameelea na kulaumu pamba. Dawa ni kujaza maji hadi kusiwe na povu, kuibana pamba kiasi cha kugusa maji bila kuyakamua, na kuulaza mrija mahali ambapo joto halipandi na kushuka ghafla: chini ya kitanda, au kando ya ukuta wa udongo. Usiuache kwenye mfuko wa shati ukiwa juu ya bodaboda saa saba mchana. Kwa onyoso, pamba ya mlangoni isokotwe kwa kukaza, maana wafanyakazi wa ukubwa ule hupenya katikati ya nyuzi.

Ajali inayofuata ni macho ya mwenye mrija. Malkia anayefunuliwa kila jioni, akamulikwa kwa tochi ya simu na kupitishwa mikononi mwa marafiki, hula mayai yake. Anafanya hesabu ya haki kabisa: mahali pasipo salama, mayai ni akiba ya chakula. Mtazame mara moja kwa wiki, kwa muda mfupi, bila kuuinua mrija. Hili ni gumu kwa kijana kuliko yote niliyoeleza, na naona ndilo linalofaa kusisitizwa zaidi.

Mrija huu ulifika mahakamani, na kesi yake inatuhusu. Tarehe 5 Aprili 2025 vijana wawili Wabelgiji walikamatwa Naivasha, katika nyumba ya wageni, wakiwa na malkia wapatao 5,000 ndani ya mirija 2,244. Wengi wao walikuwa Messor cephalotes, sisimizi mkubwa mwekundu na mweusi wa nyanda za Afrika Mashariki anayevuna mbegu za nyasi. Katika kesi nyingine ya wakati huo, raia wa Vietnam na Mkenya mmoja walishtakiwa kwa mamia ya sisimizi, wengi wakiwa ndani ya mabomba ya sindano yaliyozibwa kwa pamba. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilieleza kwamba vifaa hivyo vingeweza kuwaweka hai hadi miezi miwili. Tarehe 7 Mei hakimu Njeri Thuku aliwahukumu wote wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha mwaka mmoja. Vijana wale walijitetea kwamba hawakujua ni kosa. Hakimu aliona kiasi kile kimepita mipaka ya uraibu.

Nakubaliana na hakimu, na ushahidi wa kifundi unamuunga mkono. Gawa 5,000 kwa 2,244: ni zaidi ya malkia wawili kwa kila mrija. Anayetaka kuanzisha koloni hutenga mmoja mmoja, kwa kuwa malkia wageni wa aina nyingi hupigana, na hata wanaovumiliana mwanzoni huweza kuuana wafanyakazi wakishatoka. Mirija ile ilipangwa kwa ajili ya safari. Ulaya zilitajwa bei za hadi pauni 170 kwa malkia mmoja, na anayepokea mzigo wa aina hiyo hawezi kujua ni wangapi waliokanyagana njiani.

Wapo wanaosema kwamba malkia wengi hufa hata hivyo, midomoni mwa vyura, kuku na ndege, kwa hiyo binadamu haongezi kitu. Hoja hiyo inasahau ni nani anayeokotwa. Aliyeshuka, akaangusha mabawa na kuanza kuchimba amekwisha kuwapita walaji wengi. Amebaki na hatua moja ya mwisho ili awe koloni. Messor akikosekana, nyasi hupoteza mbebaji wa mbegu, na udongo hupoteza wa kuupindua. Kumchukua mmoja kwa idhini ili ujifunze hakufanani na kuchota eneo zima.

Idhini ni sehemu ya ufundi pia. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haibagui kwa ukubwa wa mwili, na kesi ya Naivasha ilionyesha hivyo. Nenda KWS kabla ya mvua. Ndani ya Hifadhi ya Ruma, bondeni Lambwe, usiokote kitu. Kwa wanafunzi wa Homa Bay nina neno la kuwatia moyo: Mbita ina kampasi ya icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, na kampasi hiyo inaitwa kwa jina lake. Kupenda wadudu si upuuzi katika kaunti hii.

Muokotaji naye hupatwa na ajali. Radi hazikomi mara tu mvua inapokatika, na kusimama chini ya mti kungoja manyunyu yaishe ni hatari. Nyatike ina mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi, na anayetembea jioni macho yakiwa chini kutafuta mdudu huona mita moja tu mbele yake. Tundu la kichuguu huweza kuwa na nyoka, basi usitie mkono. Siafu nao hutembea saa hizo hizo.

Wafanyakazi wa kwanza wakitoka watakuwa wadogo kuliko kawaida ya aina yao, kwa kuwa wamelelewa kwa akiba ya mama peke yake. Messor wapewe mbegu ndogo, wimbi uliopondwa kidogo unatosha, punje chache kwa wakati, na zinazoota ziondolewe. Mrija usibadilishwe mapema; koloni dogo kwenye sanduku kubwa hutupa takataka pembeni, ukungu ukaota pale usipopaona.

Ukishindwa kuendelea, mrudishe malkia alikotoka, boma lile lile, jioni ardhi ikiwa imelowa. Usimwachie kaunti nyingine, na usilete wa kutoka mbali. Laikipia imeshaonyesha gharama yake: sisimizi mgeni mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, aliwaua sisimizi wanaolinda migunga, tembo wakaivunja miti, na simba wakakosa pa kujificha wanapowinda punda milia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta kwamba mauaji ya punda milia katika mawindo ya simba yalishuka kutoka asilimia 67 mwaka 2003 hadi 42 mwaka 2020, na simba wakageukia nyati. Kabla ya kufungua mrija hakikisha unajua malkia ulimwokotea wapi. Andika mahali na tarehe kwenye karatasi, uibandike kwenye kioo cha mrija siku ile ile ya kuokota.