Daraja la Pili ni la Ngapi?

Old Moshi isingeitwa hivyo kama si reli. Boma la Wajerumani lilikuwa juu mlimani, katika nchi iliyokuwa ya Mangi Rindi na mwanawe Meli, lakini reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 haikuupanda mlima. Ilikomea tambarare, na mji ukateremka kuifuata, ukaondoka na jina lake. Kilichobaki juu kikaongezewa neno la kukizeesha. Leo mkazi wa Kidia, kijiji cha huko juu Old Moshi, anayepanga likizo nje ya nchi, iwe Mombasa kupitia Holili na Voi au Zambia kupitia Dar es Salaam, naye huteremka kwanza, kisha hukutana na swali ambalo bango la nauli halimsaidii kulijibu: alipe daraja la kwanza au aridhike na la chini yake? Hoja yangu ni kwamba namba ya daraja haiuzi chochote. Treni huuza vitu vitatu: nafasi ya kukaa, kitanda, na umbali kati yako na abiria wengine. Viwili vya kwanza vinaligharimu shirika la reli na vina bei inayoweza kuhesabiwa. Cha tatu hakiligharimu kitu, na ndicho mara nyingi kinachopandisha nauli.

Kwanza tuiondoe namba yenyewe njiani, maana inapotosha. Reli nyingi za Ulaya zilikuwa na madaraja matatu, na Wajerumani waliotuletea reli hii walikuwa kwao na hata la nne, ambalo halikufutwa hadi mwaka 1928. Juni 1956 reli za Ulaya zilibadili hesabu, na la tatu likapewa jina la pili. Kwa hiyo anayemtembelea ndugu yake Ujerumani akaona tiketi ya daraja la pili, ajue anapanda la mwisho, na la mwisho hilo lina viti viwili kila upande wa njia, wakati la kwanza lina viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili. Kwetu ni kinyume. Treni ya Dar es Salaam hadi Moshi ilipofufuliwa Desemba 2019, wakati ule ule watu wa Kilimanjaro wanapopanda kwao kwa Krismasi, ilikuwa na daraja la tatu, la pili kukaa na la pili kulala. La kwanza halikuwepo. Daraja la pili la Frankfurt ni sakafu. La Moshi lilikuwa dari.

Sasa tuangalie Madaraka Express ya Kenya, kwa sababu hapo hesabu inajionyesha wazi kuliko mahali pengine. Tangu Januari 2024 nauli ya Nairobi hadi Mombasa katika daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya, na la kwanza ni 4,500. Behewa la kawaida lina viti 118, vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, watu wakitazamana goti kwa goti. Behewa la kwanza lina viti 72, viwiliviwili. Kama nauli ingefuata nafasi peke yake, abiria wa daraja la kwanza angelipa 1,500 mara 118, kugawa kwa 72, yaani kama shilingi 2,460. Analipa 4,500. Zile elfu mbili na ushei zinazobaki zinanunua nini? Si mwendo, kwa maana kichwa cha treni ni kimoja. Si kiyoyozi, kwa maana kipo kote. Sehemu yake ni kiti laini kinacholala kidogo, na sehemu kubwa ni kutokuwa mule wengine walimo. Mhandisi Mfaransa Jules Dupuit aliliona jambo hili mwaka 1849, enzi za mabehewa ya daraja la tatu yasiyo na paa. Alieleza kwamba paa halikukosekana kwa sababu ya gharama, bali ili mwenye uwezo wa kulipia la pili asijaribiwe kupanda la tatu. Mnyonge alilowa mvua ili tajiri aogope. Hakuna anayelowa katika Madaraka Express, lakini kile kiti cha tatu kilichobanwa pembeni kinafanya kazi iliyo karibu na ile ya paa lililokosekana.

Msomaji atasema: nafuu ya goti nayo ni kitu, na mtu aliyejinyima mwaka mzima ana haki ya kukaa vizuri siku mbili za likizo. Ni kweli, na mwenye mgongo mbovu au miguu mirefu asinisikilize. Lakini Nairobi hadi Mombasa kwa treni hii ni kama saa tano au sita, na anayetoka Moshi akavuka Holili hadi Taveta na kupandia Voi ana kipande kifupi zaidi cha safari hiyo. Usumbufu unakua na saa, nao haukui sawasawa: saa mbili za kubanwa hazichoshi nusu ya saa nne, zinachosha robo. Kulipa mara tatu ili kuepuka usumbufu mfupi ni kununua mwavuli wa manyunyu. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la tiketi zenyewe. Wakati wa sikukuu viti vya kawaida huisha mapema, na anayeamua dakika za mwisho hukuta la kwanza tu ndilo limebaki. Hapo hachagui daraja. Analipia kuchelewa kwake, na dawa yake ni kukata tiketi mapema.

Usiku hubadilisha kila kitu. Treni ya Dar es Salaam na Moshi ilianza na nauli ya shilingi 16,500 kwa daraja la tatu, 23,500 kwa la pili kukaa na 39,100 kwa la pili kulala. Kutoka chini hadi juu ni kama mara mbili na theluthi, uwiano mdogo kuliko ule wa Madaraka, wakati kinachoongezeka ni kikubwa zaidi: binadamu aliyelala anakula nafasi ya waliokaa wawili au zaidi, na hakuna ujanja wa bei unaoweza kulikwepa hilo. Safari yenyewe inaanza mchana na kuisha asubuhi ya siku ya pili. Anayelala amelipa nauli na malazi kwa pamoja. Aliyekaa atafika, kisha atautumia mchana wa kwanza wa likizo yake kulala. Hata la pili kukaa, lililo katikati, naliona ndilo chaguo dhaifu kuliko yote matatu. Linaongeza shilingi 7,000 na bado halimpi mtu usingizi. Afadhali kubaki la tatu na kutia hiyo tofauti mfukoni, au kuongeza tena na kulala.

Kwenye TAZARA ndipo swali la kwanza na la pili linapoulizwa kwa jina lake halisi. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, ina vyumba vya vitanda vinne katika daraja la kwanza na vya vitanda sita katika la pili. Tofauti ni vile vitanda viwili vya katikati, na si ndogo kama inavyosikika: kitanda cha katikati kikishateremshwa, wa chini hawezi tena kuketi wima, hivyo chumba kizima hulala na kuamka kwa amri ya mmoja. Vilevile wanaume na wanawake hutengwa, isipokuwa mtu anunue chumba chote. Kwa familia ya wazazi na watoto wawili, basi, kinacholinganishwa ni vyumba. Vitanda vinne vya daraja la kwanza vimewatosha. Katika la pili itawabidi walipie sita, viwili vikiwa tupu, la sivyo baba alale chumba kingine. Maadamu nauli ya daraja la kwanza haijafika mara moja na nusu ya ile ya la pili, daraja la kwanza ndilo rahisi kwao, na mhasibu yeyote atalipitisha bila kuambiwa neno raha. Anayesafiri peke yake hesabu hiyo haimhusu. Yeye akate la pili, aombe kitanda cha juu kabisa, ambako anaweza kujinyoosha saa yoyote bila kungoja wa katikati aamue kulala.