Kuigiza na Simba Asiyefundishwa
Simba jike Elsa alilelewa hapa Isiolo, nyumbani kwa George Adamson, bwana nyama wa Northern Frontier District (NFD), na mkewe Joy. Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kumbe alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam. Mdogo wao, Elsa, akabaki. Ila filamu yake, Born Free ya mwaka 1966, ilipigwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, na mzigo mzito zaidi ukamwangukia mwanamke wa jukwaani aliyeigiza kama Joy.

Virginia McKenna alisomea uigizaji London, akaanzia jukwaa la Dundee huko Uskoti, kisha akacheza Shakespeare katika ukumbi wa Old Vic. Filamu ya A Town Like Alice ilimpatia tuzo ya BAFTA. Ufundi wa jukwaa ni ufundi wa kurudia: neno lile lile, hatua ile ile, usiku baada ya usiku, na mwenzako anakujibu pale mlipopatana. Na simba utapatana naye vipi?

Simba wa sarakasi waliletwa. Lakini simba wa sarakasi macho yake yako kwa mwalimu wake, na kamera haikosi kuliona hilo. Kwa hiyo wengi waliotumika hawakuwa wamefundishwa mchezo wowote. George Adamson mwenyewe alikuwa mshauri. McKenna na mumewe Bill Travers, aliyeigiza kama George, walitembea na simba hao porini siku baada ya siku, mpaka wanyama wakazoea harufu na sauti zao. Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi. Hata hivyo simba dume aitwaye Boy alimrukia McKenna, akamvunja kifundo cha mguu. Alipopona alirudi kazini na simba wale wale.

Tazama anavyofanya mbele ya kamera. Haanzi yeye, anamsubiri mnyama. Sauti iko chini, viganja viko wazi, mwili haushtuki. Simba akigeuka asikotarajiwa, naye hugeuka kama aliyejua tangu mwanzo.

Hapo bado sijafika penye ustadi wenyewe. Elsa wa filamu hakuwa simba mmoja. Girl, Mara na Henrietta, kila mmoja na tabia yake, walipokezana nafasi hiyo. Mhariri anaweza kuunganisha vipande vya picha, lakini hawezi kuunganisha mapenzi. Tunaamini kuwa huyu ni Elsa yule yule kwa sababu uso wa McKenna unamtambua kila mara, bila kupungua wala kuzidi. Kurudia kule alikojifunza jukwaani ndiko kulikombeba: simba walibadilika, yeye hakubadilika.

Kazi ilipokwisha, Boy, Girl na Ugas walikwenda Meru na George. Wengine wengi waliishia katika bustani za wanyama. McKenna alirudi jukwaani, na The King and I, aliyoianza 1979 pamoja na Yul Brynner, ikampa tuzo ya Olivier. Lakini kabla ya hapo yeye na Travers walikuwa wamecheza filamu nyingine Kenya, wakiwa na ndovu mdogo, Pole Pole, ambaye baadaye alipelekwa bustani ya wanyama ya London. Miaka mingi ikapita. Siku moja walimtembelea, wakamwita jina. Akasogea, akawanyooshea mkonga.