Jicho la Mohamed Amin

Msomaji, huenda umepata kumwona mgeni mwenye kamera akipita katika mitaa ya Eastlands, akitafuta mtoto asiye na viatu ampige picha. Huenda mtoto huyo ulikuwa wewe. Basi unayo haki ya kuuliza: Je, picha ya taabu humfaa mwenye taabu, au humwaibisha tu? Swali hili halijibiwi kwa hasira. Hujibiwa kwa kuitazama kazi yenyewe. Na kazi ifaayo kutazamwa ni ya mwana wa Eastlands, Mohamed Amin, aliyezaliwa Eastleigh mwaka 1943.

Amin alikulia Dar es Salaam, na huko alianzisha Camerapix, kampuni yake ya picha, mwaka 1963. Safari zilikuwa chuo chake. Mwaka 1978 alitoa kitabu cha picha za Hija ya Makka. Humo umati umevaa shuka nyeupe, tajiri na maskini hawatambulikani. Mpiga picha alikuwa Mwislamu. Hakuchungulia dirishani, alikuwa ndani ya nyumba.

Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk, mtangazaji wa BBC. Njaa ilikuwa ikiua watu kwa maelfu. Filamu yake ilionyeshwa Uingereza tarehe 23 mwezi huo, kisha na stesheni za televisheni zaidi ya 400. Ni ukumbi gani wa sanaa uliopata watazamaji wengi kiasi hicho? Tarehe 13 Julai 1985 wanamuziki walikusanyika London na Philadelphia kuwachangia wenye njaa.

Kwa nini filamu ile iligusa mioyo? Mifupa peke yake hutisha, wala haileti huruma ya kudumu. Jicho la Amin haliendi mbio. Kumepambazuka, ukungu umetanda uwandani, watu wamejifunika nguo zao. Kamera yapita polepole, kama mtu apitaye mahali pa msiba. Umati wa Korem umetazamwa kwa jicho lile lile lililoutazama umati wa Makka. Hapo ndipo ilipo heshima ya kazi hiyo.

Lakini sifa isifunike kasoro. Wenye njaa hawana majina, na sauti inayotueleza habari zao ni ya mgeni. Ukame waonekana, vita vya serikali na waasi, vilivyoizidisha njaa, kamera haikuvionyesha. Kwa hiyo mtazamaji wa mbali aliweza kudhani kwamba njaa imeshuka kutoka mbinguni, na kwamba Afrika ni mkono ulionyoshwa tu. Picha iliokoa maisha ya wengi, ila haikuwapa ulimi waliookolewa.

Hata hivyo, mizani yamwelemea Amin kwa wema. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Akatiwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege aliyopanda ilipotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Visiwa vya Ngazija. Hatari aliyoipiga picha aliishiriki.

Basi, msomaji, uionapo picha ya maskini usiulize tu kama inaliza. Uliza kama aliyemo ni mtu mwenye jina, au ni taabu iliyovishwa sura ya mtu. Na siku utakayoshika kamera wewe, kwanza muulize jina lake.