Kariakoo: Jina, Nyumba na Soko

Katika maandishi mengi yahusuyo utamaduni wa taifa letu, mji wa Dar es Salaam husifiwa kwa bandari yake, na Kariakoo husifiwa kwa mchanganyiko wa watu wake. Sifa hizo si za uongo. Lakini mhakiki hatosheki na sifa. Kazi yake ni kuuliza jambo linalosifiwa lilitengenezwaje, na nani, na kwa kitu gani. Mashairi mengi ya kuusifu mtaa huu, yakiwamo yangu mwenyewe ya ujanani, yana vina na mizani lakini hayana muwala. Huhesabu watu ubeti hata ubeti, Mzaramo, Mndengereko, Mmanyema, Mnyamwezi, Mngazija, Mshihiri na Mhindi, kisha kituo kikasema kwamba wote ni ndugu. Undugu huo ulipatikana kwa njia gani, shairi halisemi. Kwa hiyo nakusudia kuziangalia kazi tatu za watu, yaani jina la mtaa, nyumba ya mtaa na soko la mtaa, tuone zinatujibu nini.

Kwanza ni jina. Watu hawa hawakukusanywa hapa na mapenzi. Wajerumani waliugawa mji kwa masharti ya ujenzi, upande wa bahari ukawa wa majumba ya gharama, na kabla ya vita vya 1914 walikusudia kuwaweka Waafrika magharibi ya Mnazi Mmoja. Waingereza waliokuja baadaye waliufuata mpango huo, na uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo twaupenda kwa upepo wake, ukaachwa wazi uwe mpaka kati ya watu na watu. Walipouteka mji mwaka 1916, Waingereza waliweka mahali hapa kambi ya kikosi cha wapagazi wa vita. Kwa lugha yao kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalifinyanga jina hilo hata likawa Kariakoo.

Sasa tuitazame Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927. Ni kazi nzuri ya shaba. Askari ameinama kidogo mbele na bunduki yake, kama mtu anayesikia nyayo. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi pia, lakini mwilini mwa sanamu mpagazi hayumo. Sanamu ya aina hiyo iliyoko Nairobi inaonyesha watu watatu, na mpagazi ni mmoja wao. Hapa kwetu askari amesimama peke yake. Makumi kwa maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, wengi wao bila ya kaburi linalojulikana. Hawa hawakupata shaba. Walichopata ni jina la mtaa, na jina hilo hutajwa kila siku na kondakta, mchuuzi na mtoto wa shule. Hali kadhalika mitaa midogo ya ndani, kama Narung'ombe na Mahiwa, imebeba majina ya mahali kusini mwa nchi palipopiganwa vikali mwaka 1917. Mshairi anayepita Narung'ombe akaandika juu ya bei ya vitenge tu ameipita historia bila ya kuiamkia.

Pili ni nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo inajulikana: baraza mbele, ukumbi katikati unaopenya toka mlangoni mpaka nyuma, vyumba vitatu kila upande, na ua wenye jiko, kisima au bomba, na choo. Mimi nilipoanza kazi ya ukarani katika miaka ya 1990 nilipanga chumba kimoja katika nyumba ya namna hiyo. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizaramo. Wapangaji tulikuwa watu wa mikoa mitano na dini mbili. Sitaki kuipamba hali ile. Tuligombana kwa zamu ya maji, kwa kodi na kwa harufu ya samaki. Lakini hapakuwa na njia ya kufika chumbani kwako bila ya kupita ukumbini kwa wote na kutoa salamu. Nilipougua homa, uji niliokunywa ulipikwa na mama wa chumba cha tatu, ambaye juma moja kabla yake tulikuwa hatusemezani. "Ugomvi wetu wa ndoo, mwanangu," aliniambia, "si wa roho." Sheria ya wakoloni iliwarundika wageni mahali pamoja, na nyumba ile ndiyo iliyowafundisha kuishi.

Aidha, tusiione baraza tukausahau ua. Baraza lilikuwa zaidi la wanaume; ua ulikuwa wa wanawake. Bi Titi Mohamed, kabla ya kuwa kiongozi, alikuwa mwimbaji katika kundi la ngoma la Bomba, na mwaka 1955 alipokwenda kuwaita wanawake waingie TANU, alipitia kwenye makundi ya ngoma kama hayo, ambayo tayari yalikuwa na desturi ya kuwakusanya wanawake wa asili mbalimbali. TANU yenyewe ilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954 katika mtaa huu huu, barabara ya New Street, ambayo leo yaitwa Lumumba. Mbegu hiyo iliangukia udongo uliokwisha kulimwa.

Tatu ni soko. Jengo lililofunguliwa mwaka 1975, ambalo mchoraji wake ni Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza wa Kiafrika katika Afrika ya Mashariki, ndiyo kazi ya sanaa iliyouelewa mtaa kuliko mashairi yetu. Paa lake ni safu ya miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, inayokinga mvua na kuishusha kwa ndani ya nguzo. Chini yake kuna kivuli kipana na hewa ipitayo, kama chini ya mwembe. Lina kasoro zake: zege ni zito machoni, na ghorofa ya chini ya ardhi haikupata mwanga wa kutosha. Lakini wazo lake ni la baraza, kwamba mgeni apate kivuli kabla hajaulizwa jina. Moto wa tarehe 10 Julai, 2021 uliliunguza soko hilo, na watu waliolia siku ile hawakulilia bidhaa peke yake.

Na sasa nyumba za baraza zinakwisha. Mahali pake panasimama maghorofa ya maduka na vyumba, na siwalaumu wenye viwanja, kwani kiwanja cha Kariakoo ni mali, na mjane mwenye nyumba naye ana watoto. Lakini tarehe 16 Novemba, 2024 ghorofa moja liliporomoka mtaani hapo, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Tukio hilo lilitukumbusha uimara wa nguzo, na ni haki. Liko na jambo la pili lisilotoa vumbi. Ghorofa jipya lina ngazi, lina lango la chuma na mlinzi, lakini halina mahali ambapo mpangaji wa juu hulazimika kumsalimu wa chini. Mchanganyiko wa watu umebaki. Chombo cha kuwachanganya ndicho kinachoondoka.

Kwa hiyo naona yafaa nyumba chache za baraza zihifadhiwe zikiwa na watu wake ndani, na wachoraji wa majengo mapya watakiwe kuacha kivuli na kikao upande wa barabara, kama Amuli alivyofanya. Na sisi washairi tuache kuhesabu makabila. Tumtungie mpagazi, na yule mama wa chumba cha tatu. Hayo ndiyo niliyoyaona. Mwenye kuona zaidi na aongeze.