Shajara na Vioo vya Evelyn Cameron

Mpiga picha wa mji mdogo huacha nyuso za watu kila nyumba, lakini jina lake mwenyewe hakuna anayeliuliza. Akiwa mke wa mtu, hata hilo jina humezwa na la mume. Ndiyo sababu ninaiheshimu kazi aliyoifanya Donna Lucey kumtafuta Evelyn Cameron wa Terry, mji mdogo wa mashariki ya Montana, Marekani. Kila nikikirudia kitabu cha Lucey namwona fundi wa utafiti akiwa kazini.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Lucey alikuwa mhariri wa Time-Life Books, akitafuta picha za wanawake wa enzi ya walowezi. Nyayo zikamfikisha kwa Janet Williams, ajuza aliyepita miaka 90, rafiki wa Evelyn na mrithi wake. Chini ya nyumba ya bibi huyo kulikuwa na negativu zipatazo 1,800, nyingi za kioo, picha 2,700 hivi zilizokwisha kuchapwa, na shajara 35 zilizoanzia 1893 hadi 1928. Kitabu kilitoka mwaka 1990. Hesabu mwenyewe.

Miaka hiyo ilikwenda wapi? Mingine kwenye vioo. Kioo cha negativu hushikwa kingoni, kwa vidole viwili vitatu, kwa kuwa upande mmoja una utando wa dawa unaoweza kuharibika ukiguswa. Huinuliwa dhidi ya mwanga, na hapo macho hujifunza kusoma kinyume: uso mweupe unaonekana mweusi, kivuli kimekuwa nuru. Kioo cha inchi 5 kwa 7, kama kilichotumika katika kamera ya Graflex ya Evelyn, hakihitaji kukuzwa. Karatasi hulazwa juu yake, ikapigwa mwanga, na picha hutoka na mishono ya shati ikihesabika. Mtafiti mvivu hutazama sura akaridhika. Mtafiti mzuri hutazama viatu, ndoo, kamba, na kuta zilizo nyuma.

Lakini utamu wenyewe umo katika shajara. Evelyn alizaliwa mwaka 1868 katika familia tajiri kusini mwa London. Mwaka 1889 alikuja Montana na Ewen Cameron kwa fungate, na baadaye wakahamia moja kwa moja. Mpango wao wa kufuga farasi wa polo na kuwauza Uingereza uliwafilisi. Mwaka 1894 mpangaji mmoja nyumbani kwao akamfundisha kupiga picha, naye akaanza kuziuza: senti 25 moja, dola 3 kwa dazani. Aliuza na mboga pia, na alipokea wapangaji. Haya yote aliyaandika kwa mwandiko mdogo uliobanana, siku baada ya siku: maziwa, mikate, hali ya hewa, barua, nani kaja kupigwa picha.

Msomaji wa kawaida angefunga daftari la namna hiyo kwa kuchoka. Nani asiyechoka na mikate ya miaka 35? Fundi hachoki, maana anajua kwamba kwenye mstari wa mikate ndipo patakapotokea jina la jirani na tarehe ya picha ambayo haikuandikwa chochote. Familia iliyosimama mbele ya kibanda cha mbao ni bubu mpaka ukurasa wake upatikane.

Na kuna njia ya tatu ambayo wengi huisahau: karatasi za mume. Ewen alikuwa mjuzi wa ndege, na makala zake zilichapishwa katika jarida la The Auk. Picha za viota na ndege zilizomsaidia katika utafiti wake zilitoka kwenye kamera ya mkewe. Mwanamke wa zamani mara nyingi hutafutwa chini ya jina la mwanamume.

Watu wanaipenda sana picha ya mwaka 1912 inayomwonyesha Evelyn amesimama wima juu ya mgongo wa farasi. Ni picha ya kutamba, wala simlaumu anayeitundika ukutani. Mimi naipenda zaidi ile ya 1904, aliyojipiga jikoni akikanda unga kwenye beseni. Hapo mikate ya shajara na kioo vinakutana, na mtu aliyekuwa akiamka kukamua, akasafisha negativu zake kazi za shamba zikiisha, anaonekana mzima. Ewen alikufa mwaka 1915. Evelyn aliendesha shamba peke yake mpaka alipofariki mwaka 1928.

Negativu zake leo ziko katika hifadhi ya Montana Historical Society mjini Helena. Zilifika kwa sababu rafiki hakuzitupa. Nawe kama una boksi la picha za studio ya mtaani kwenu, mwulize bibi majina ya waliomo angali anawakumbuka, na uyaandike nyuma kwa penseli laini, maana wino hupenya upande wa pili.